Kigamboni, Mbudya, Bagamoyo au Pugu? Kuchagua pa kwenda Jumamosi za Disemba

Kila Alhamisi jioni, ikifika Disemba, kundi letu la familia la WhatsApp linawaka moto. Shule zimefungwa, vuli inaanza kukatika, joto la Dar limeshaingia kazini, na kila mtu ana pake. Mume wangu anataka bahari. Wifi yangu anataka mahali pa kupiga picha. Mwanangu wa kwanza, ambaye yuko kwenye umri wa kununa, anataka aachwe nyumbani na simu. Mama mkwe anauliza swali moja tu: "Huko kuna choo cha kukaa?" Ijumaa usiku inafika hakuna kilichoamuliwa, Jumamosi tunatoka saa nne, na saa tano tuko kwenye foleni ya Mwenge tunalaumiana.

Nawaandikia wenye ugonjwa huo huo. Sehemu nilizochagua ni nne, zote za kwenda na kurudi siku moja ukiwa unaishi Dar: fukwe za Kigamboni, kisiwa cha Mbudya, mji wa Bagamoyo, na msitu wa Pugu. Zote nimekwenda zaidi ya mara moja, na kila moja imewahi kunifurahisha na kuniudhi. Tena Jumamosi zenyewe ni chache. Katikati ya mwezi wenzetu wa Moshi na Bukoba wanaanza kupanda mabasi kwenda kwao, halafu sikukuu, halafu Januari na ada zake, na hapo hata hela ya kununua madafu inafikiriwa mara mbili.

Vya kuangalia kabla ya kuanza kubishana

Anza na nani anakuja. Idadi si shida sana, shida ni watu wenyewe: mtoto wa miaka mitatu, mzee mwenye magoti, mgeni kutoka bara ambaye hajawahi kuiona bahari, au mchumba ambaye mna jambo la kuongea bila kusikilizwa na meza ya pili.

Halafu saa za barabarani, kwenda na kurudi. Dar umbali haupimwi kwa kilomita. Mtu wa Tegeta na Bagamoyo ni kama majirani. Mtu wa Mbagala akiitaka Bagamoyo atakuwa ameshavuka mji mzima kabla safari haijaanza. Kwa hiyo ninaposema sehemu fulani ni karibu, jiulize karibu na nani.

Hela uipige kwa kichwa kimoja mpaka mnarudi mlangoni kwenu. Watu huulizia kiingilio, kumbe mara nyingi kiingilio ndicho kidogo. Zinazomaliza mfuko ni soda za kununua palepale, bajaji za kuunganisha, kukodi banda, na yule mtoto ambaye kila muuza ubuyu akipita naye anamkimbilia.

Kivuli, maji ya kunywa na choo mimi naviweka pamoja, maana kimoja kikikosekana vingine havina raha. Na uliza asiyeogelea atafanya nini. Kila familia inaye, na akichoka yeye, safari imekwisha.

Mwisho ni bahari yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapokosea wengi. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Pangani. Haangalii simu kujua maji, anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni maji ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo, katika pwani yetu hii, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Baada ya siku saba hivi, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na saa zimegeuka, yanajaa asubuhi na kupwa alasiri. Kila siku yanachelewa karibu saa moja kuliko jana yake. Ukishika hayo tu, huhitaji jedwali. Kama Jumamosi yenu imeangukia bamvua na mmefika ufukweni saa nne, mtakuta bahari imekwenda zake, mbele yenu kuna mchanga, mwani na mitumbwi imelala ubavu. Wengine wanaona wamepunjwa. Kumbe wangekuja saa nane wangeikuta inarudi.

Kigamboni

*Kufika.* Njia ni mbili. Pantoni ya Magogoni, ambayo kwa mwenda kwa miguu nauli yake kwa miaka mingi ni shilingi 200, na Daraja la Nyerere pale Kurasini, lililofunguliwa Aprili 2016, lenye urefu wa mita 680 na tozo kwa mwenye gari. Anayekaa Temeke, Tabata au Mbagala daraja linamfaa. Anayetoka Kariakoo au Upanga bila gari, pantoni ni sehemu ya matembezi yenyewe. Mara ya kwanza nilipowapandisha wanangu pantoni hawakuuliza tena habari ya ufukwe. Kwao safari ilikuwa ni ile dakika chache ya kusimama kwenye ukingo, upepo usoni, meli za mizigo zimepita kwa mbali, na jamaa anauza karanga kwenye koni za gazeti. Mwenye gari ajiandae: foleni ya magari Jumamosi jioni, watu wote wanaporudi, inaweza kula muda kuliko mliokaa majini. Ng'ambo pale Feri kuna daladala na bajaji za kwenda Mjimwema na mbele yake mpaka Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo ni kama kumwambia mtu "jaribu uone".

*Hela.* Hapa ndipo pa kuwa macho. Fukwe nyingi nzuri ziko mbele ya hoteli na baa, na mwishoni mwa wiki wengi wanatoza kiingilio. Wengine kiingilio hicho unakikata kwenye chakula au kinywaji, wengine hapana. Uliza getini kabla hujashusha watoto. Halafu uliza na swali la pili: chakula cha nyumbani kinaruhusiwa? Mwaka fulani tulifika sehemu moja na hotipoti mbili za pilau na kachumbari imefungwa vizuri, mlinzi akatuambia vyakula vya nje mwiko. Tulikula pilau ndani ya gari, milango wazi, chini ya mkungu, watu wazima sita na magoti yao, kisha tukaingia ndani kununua soda ili tuonekane wateja. Mama mkwe bado anasimulia.

*Kivuli, maji, choo.* Kwa hoteli, vyote vipo. Ukikaa ufukwe wa wazi, beba mkeka, maji na subira.

*Maji na asiyeogelea.* Mchanga ni mzuri na mrefu, watoto wanakimbia mpaka wachoke. Asiyeogelea ana meza, muziki, na mara nyingine ngamia au farasi wa kukodi kwa dakika chache. Muziki huo huo ndio kero kwa anayetaka kuongea, maana baa mbili jirani zinaweza kupiga nyimbo mbili tofauti kwa sauti moja ya juu. Kuhusu kuogelea, usidanganyike na maji kuonekana yametulia. Mkondo upo, na kila msimu wa sikukuu tunasikia habari za watu kuzama, wengi wao baada ya bia. Sisi tunapeana zamu: mtu mzima mmoja, nusu saa, macho majini, simu mfukoni.

*Inamfaa nani.* Kundi kubwa la rika moja, familia yenye watoto wa kukimbia, na mtu asiyetaka kupanga sana. Haimfai anayetafuta utulivu siku ya Jumapili mchana.

Mbudya

*Kufika.* Boti zinatoka upande wa Kunduchi na kwenye hoteli za ukanda ule wa Mbezi Beach. Kuvuka ni kama robo saa, kidogo zaidi bahari ikiwa na mawimbi. Ndugu yake Bongoyo anafikiwa kutoka Msasani, na mengi ninayosema hapa yanamhusu na yeye. Mambo matatu kabla ya kupanda: kila mtu avae jaketi okozi, na mtoto apate la saizi yake, si la baba yake lililofungwa mara mbili, kubalianeni na nahodha saa ya kurudi, na chukueni namba yake ya simu. Disemba kaskazi imeanza kuvuma. Asubuhi bahari mara nyingi ni shwari, alasiri inachafuka, na wanaokaa mbele ya boti wakati wa kurudi wanafika wameloa. Aliyesuka nywele jana yake akae nyuma.

*Hela.* Kuna nauli ya boti na kiingilio cha hifadhi, na raia analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Mbudya na wenzake Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Maana yake kwako mtembezi ni moja: usivue, usiokote makombe ya kupamba sebule, usivunje matumbawe. Ukiongeza banda la makuti na samaki wa kuchoma, hii ndiyo ghali kuliko zote nne kwa mwenye watoto wengi. Kwa watu wawili si mbaya hata kidogo.

*Kivuli, maji, choo.* Kivuli ni mabanda, na Jumapili ya Disemba anayefika saa sita anakuta yamejaa. Maji ya kunywa kisiwa hakina, yote yanaletwa kwa boti, ndiyo maana chupa inauzwa kwa bei ya kisiwani. Sisi tunabeba deli la barafu na chupa zetu. Choo kipo, ila si cha kumpeleka mama mkwe ukategemea baraka.

*Maji na asiyeogelea.* Hapa hakuna mpinzani. Maji ni maangavu, unaona vidole vyako, na ukiwa na miwani ya kuzamia unaona samaki wa mistari wakizunguka matumbawe hatua chache tu kutoka nchi kavu. Vaa yeboyebo, miamba ina makali, na kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu ambao mtu akiwakanyaga siku inahamia kwenye mguu wake. Maji yakipwa sana, kupanda na kushuka botini ni kukunja suruali na kutembea ndani ya maji, mtu kabebeshwa mtoto huku na kapu huku.

Asiyeogelea ana samaki wake. Mpishi anakuletea samaki kwenye sinia wakiwa wabichi, unachagua kwa kidole, changu au kolekole, anaondoka naye, na baada ya saa nzima, mkiwa mmeshakata tamaa, anarudi na samaki wako ameungua kidogo mkiani, na chipsi, na limao, na pilipili ya kukamulia. Mkono wa mtu ukiwa bado na chumvi ya bahari, kile chakula kina ladha yake. Lakini baada ya kula hakuna kingine cha kufanya kwa asiyeogelea zaidi ya kulala, na ukisema unataka kurudi, boti haiko chini ya amri yako.

*Inamfaa nani.* Wapenzi, marafiki, vijana wanaojua kuogelea, mgeni kutoka bara ambaye unataka akasimulie kwao. Mama mwenye mtoto mchanga na mzee mwenye magoti ningewapeleka kwingine, si kwa sababu haiwezekani, bali kwa sababu ukitokea mshituko wa homa au tumbo, kati yenu na zahanati kuna bahari.

Bagamoyo

*Kufika.* Ni kama kilomita 70 kaskazini ya jiji, barabara ya lami, na daladala na mabasi madogo yanakwenda siku nzima. Tatizo halipo Bagamoyo, lipo kati ya Mwenge na Bunju. Mkitoka saa kumi na mbili asubuhi mnafika mkiwa na njaa ya kifungua kinywa. Mkitoka saa tatu mnafika mkiwa mmenuniana. Kurudi Jumapili jioni ni vilevile, kwa hiyo sisi tunaondoka kule saa tisa au tunasubiri mpaka usiku.

*Hela.* Nauli si kubwa, viingilio vya mambo ya kale ni vya kawaida kwa raia, na chakula cha mjini ni bei ya mji mdogo. Familia inaweza kutumia pungufu kuliko Kigamboni, ingawa imekwenda mbali zaidi. Beba hela taslimu, noti ndogondogo, za bajaji na za mtembezaji.

*Kivuli, maji, choo.* Mjini vipo. Kaole penyewe kuna miti, ila mchana wa jua kali kati ya kaburi na kaburi unahitaji kofia.

*Cha kufanya.* Hapa ndipo Bagamoyo inapoziacha nyingine. Unaanzia Kaole, kama kilomita tano kutoka mjini, penye magofu ya misikiti miwili, wa kwanza wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo. Unarudi mjini kwenye misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu walioingia 1868, na mnara ambako mwili wa mmisionari Livingstone ulilazwa usiku mmoja mwezi Februari 1874, baada ya watumishi wake, akina Susi na Chuma, kuubeba kutoka bara ndani kabisa. Kuna Ngome Kongwe, kuna Boma la Wajerumani, ambao walikuwa na makao yao makuu hapa mpaka 1891 walipohamia Dar. Kisha ufukweni, soko la samaki, akina mama na makarai yao, mafuta yanachemka, samaki anatoka ngozi imekauka na ndani bado laini. Hicho ndicho chakula cha mchana, mkono wa kulia na gazeti.

Mwaka juzi tulisimama kwenye kaburi moja Kaole, lile la nguzo ndefu yenye vijishimo, na mtembezaji akatueleza kwamba mle palikuwa pamepachikwa bakuli za Kichina. Mwanangu mkubwa, yule wa kununa, akaweka simu mfukoni, akaingiza kidole kwenye kishimo kimoja, akauliza: "Zilifikaje hapa?" Tukaongea habari za majahazi na pepo za msimu mpaka tukafika kwenye gari. Nusu saa baadaye tulipofika mjini, kwenye habari za misafara na watu waliofungwa minyororo, swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi, na baba yake ndiye aliyelijibu, kwa sauti ya chini. Ninalisema hili kama tahadhari pia. Bagamoyo si siku ya kucheka mwanzo mwisho. Kama mnataka kusahau mwaka tu na kunywa madafu, historia hii inaweza kuwa nzito kuliko mlivyokusudia.

*Maji.* Msije kwa ajili ya kuogelea kama ya kisiwani. Mto Ruvu unamwaga karibu, maji yana rangi ya udongo, na yakipwa yanakwenda mbali sana. Ila kupwa kwa Bagamoyo kuna raha yake: watoto wanafukuza kaa, wavuvi wanatengeneza nyavu, na unaweza kutembea mpaka majahazi yalipokaa mchangani na kuyagusa mbao zake.

*Inamfaa nani.* Familia ya vizazi vitatu, wanafunzi wa shule ya msingi na sekondari, wageni wa kigeni, na mzee anayependa kuongea. Mama mkwe hapa anakuwa mtu mwingine. Anakosoa hata mtembezaji. Haimfai mtu mwenye siku nusu.

Pugu

*Kufika.* Barabara ya Nyerere, pita uwanja wa ndege, pita Gongo la Mboto, panda kilima kuelekea Kisarawe. Daladala za Kisarawe zipo, na kutoka barabarani bodaboda inakuingiza. Kwa mtu wa Ukonga, Kinyerezi au Segerea ni jirani kabisa, na foleni yake ni ndogo kuliko ya kwenda Bunju.

*Hela.* Kiingilio cha hifadhi kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na mtu wa kuwaongoza. Baada ya hapo hakuna pa kutumia hela hata ukitaka, kwa hiyo kwa mwenye mfuko mwembamba ndiyo rahisi kuipangia. Chakula mnabeba, na hapa hotipoti haina adui; tulilipiza lile pilau la Kigamboni, tukala mpaka ukoko.

*Kivuli, maji, choo.* Kivuli ndicho kilichokupeleka. Pugu-Kazimzumbwi ni kati ya mabaki ya misitu ya asili ya pwani, na Disemba, mjini joto likiwa nyuzi 32 na jasho halikauki, chini ya ile miti unasikia tofauti shingoni. Maji mbebe wenyewe. Choo kinapatikana mnapoingilia, ndani ya msitu ni suala jingine.

*Cha kufanya.* Kutembea, kupanda, kusikiliza ndege, kukaa kando ya bwawa la Minaki. Kuna mapango yaliyobaki baada ya uchimbaji wa kaolini, yale ya popo, ambao wanatoka kwa maelfu jua linapozama. Kuna na heshima ya pahala penyewe: Nyerere alifundisha shule ya Pugu kabla ya kujiuzulu 1955 ili ashike siasa, na jina la Mwalimu alibaki nalo. Bahari hakuna. Kwa watoto wengine hilo linatosha kuharibu kila kitu, na usijaribu kuwashawishi ndani ya gari.

Vuli ikiwa bado inanyesha nyesha, njia zinateleza na mbu wako kazini. Viatu vya kufunga, mikono mirefu, dawa ya mbu. Wifi yangu alikwenda na ndala nyeupe, sitasema zaidi.

*Inamfaa nani.* Wanaopenda kutembea, kundi la vijana wa kanisani au wa kazini, wawili wanaotaka kuongea, na mtu aliyechoka kelele. Mwenye magoti atabaki mlangoni na mkeka wake, jambo ambalo wengine wanalipenda.

Sasa uende wapi?

Kama mna mtoto chini ya miaka mitano na mzee katika gari moja, mimi ningeangalia Kigamboni ya hoteli, siku ya wiki ikiwezekana, au Bagamoyo kwa kutoka alfajiri. Tofauti yao ni moja: mtoto akishinda mnakwenda Kigamboni, mzee akishinda mnakwenda Bagamoyo.

Kama ni wawili, na hela ipo, Mbudya siku ya maji mafu, mfike kabla ya saa nne, banda la pembeni. Hela ikiwa haipo, Pugu na chupa mbili za maji, na mazungumzo yatakuwa bora zaidi. Sijawahi kuona watu wawili wakiamua jambo la maana kando ya spika ya baa.

Mgeni wa kutoka bara ana haki ya kuona bahari siku ya kwanza. Mpandishe pantoni kwa miguu, hata kama mna gari. Mgeni wa kutoka nje ya nchi akiwa na siku moja tu, Bagamoyo inampa cha kusimulia. Akiwa na mbili, ya pili iwe kisiwani.

Kijana anayenuna ni mtihani wa peke yake. Mpe kazi: yeye ndiye atafute saa za maji, apange muda wa kutoka, ashike hela ya bajaji. Akipanga yeye, popote mtakapokwenda hatasema pamechosha.

Jumamosi ikianguka bamvua na hamuwezi kutoka mapema, msihangaike na asubuhi. Pikeni nyumbani, kuleni, lazeni watoto, halafu saa tisa mwende ufukweni maji yakiwa yanajaa. Hata ufukwe wa Coco, hapa hapa mjini, unatosha kwa hiyo: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chachandu, embe dodo la kukatwa kwa chumvi, mishikaki, na jua linapoa nyuma yenu. Hakuna kiingilio.

Mvua ikigoma kukatika, Pugu ifutwe, Mbudya ifutwe. Bagamoyo inavumilia mvua kwa sababu mna pa kujificha, misheni ina makumbusho.

Na kuna ile Jumamosi mama mkwe anasema hataki kwenda popote. Zamani tulikuwa tunamlazimisha. Siku hizi tunatandika mkeka barazani, wajukuu wanamenya fenesi, mafuta ya kupikia kwenye kisu ili utomvu usigande, na yeye anawaambia maji ya leo yanajaa saa ngapi, bila kuyaona.